Mwaka Nilipofia Mikumi

Mwalimu Elisha hakunitambua mpaka nilipofumba macho. Ilikuwa mwezi uliopita, pale Mikumi, katika mkahawa mmoja wa kando ya barabara ambako mabasi ya Iringa na Mbeya husimama ili watu wapate chakula. Nilikuwa nimeshuka nikiwa na njaa na maumivu ya kiuno. Nikamwona amekaa peke yake pembeni, kofia yake ya pama juu ya magoti, anachambua mifupa ya samaki kwa utaratibu uleule aliokuwa akichambulia makosa yetu zamani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mama," kwa heshima ya mtu asiyejua anaongea na nani. Nikamtajia jina langu, nikamtajia kikundi chetu, nikamtajia ghala la pamba tulilofanyia mazoezi. Mzee anatikisa kichwa tu, macho yameingia ukungu. Basi nikavuta kiti nikamsogelea, nikaegemeza kichwa ukutani, nikafumba macho na kuiacha taya ilegee. Wahudumu wakaanza kuitana, mmoja akakimbilia maji. Mwalimu Elisha akainama mpaka nikasikia pumzi yake usoni, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Zaina! Mpaka leo unapumua kwa pua ya kushoto!" Tulicheka mpaka basi langu likaondoka bila mimi, na wala sikujuta. Nililala Mikumi siku ile, tukaongea hadi sauti zikatukauka.

Watu wananijua kwa mambo mengi. Nimekuwa mama mkwe katika michezo ya redio, na hadi leo kuna wanawake wanaonikasirikia sokoni kwa mambo niliyowatendea wakwe zangu wa hewani. Nimekuwa malkia jukwaani, muuza samaki katika filamu, mke wa waziri, mwendawazimu, bibi wa kila mtu. Waandishi wa habari vijana huja nyumbani na simu zao za kurekodia, wanakunywa chai yangu, kisha wananiuliza nilisomea wapi uigizaji. Wanataka jina la chuo. Nikiwaambia nilisomea juu ya mkeka, Mabwerebwere, Kilosa, katika chumba kimoja na shangazi yangu, wanacheka kwa adabu halafu wanasubiri jibu lenyewe. Wangekuwa wanangu ningewafinya, maana hilo ndilo jibu lenyewe.

Chumba kile kilikuwa na kitanda cha kamba cha shangazi, mkeka wangu, sanduku moja la bati, na ndoo ya unga wa mchele uliotiwa hamira. Ndoo hiyo ilifunikwa kwa kanga na kuwekwa karibu na kichwa changu kwa sababu pembe ile ndiyo iliyokuwa na joto, upande wa pili wa ukuta kukiwa na jiko la jirani. Mwaka mzima nimelala nikisikia unga ukiumuka, na mpaka sasa harufu ya hamira na iliki hunitia usingizi. Shangazi Tausi aliuza vitumbua karibu na stesheni ya reli. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyetwanga mpunga tangu utotoni, na ulimi ambao soko zima la Kilosa liliuogopa na kuusubiri. Wapo waliokuja kununua kitumbua kimoja ili tu wamsikie akimjibu mtu mwingine. Wakimzidi maneno, alikuwa akiweka mikono kiunoni, anatazama juu kidogo kama anayesoma kitu angani, halafu anashusha sentensi moja, na hapo mtu anaondoka akiwa amesahau chenji yake.

Kila baada ya chakula cha jioni alikuja Mama Stefano, jirani yetu wa ukuta wa pili, Mkaguru wa milimani, mtu wa kanisa, mpole kama maji ya mtungini. Wakikaa wawili wale, shangazi kitandani na Mama Stefano kwenye kigoda, ndipo maneno matamu yalipotoka: nani kaachwa, nani karudiwa, mke wa karani wa stesheni kasema nini kisimani. Lakini maneno hayo hayakusemwa nikiwa macho. Msichana wa miaka kumi na saba alikuwa bado mtoto mbele ya habari za watu wazima. Kwa hiyo nikajifunza kulala. Na kulala kwa uongo ni kazi, msione hivi. Mtu mjinga anapojifanya amelala hufumba macho kwa nguvu na kupumua sawasawa kama cherehani. Aliyelala kweli hapumui sawasawa; anavuta, anasahau, anakumbuka. Mkono wake hauwi mahali pa raha, unakuwa pale ulipoangukia. Na mate, jamani, mate ndiyo yanayowaumbua wengi, kwa sababu ukijua unasikilizwa unataka kumeza kila mara. Shangazi hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa akikatisha hadithi katikati na kusema kwa sauti ya kawaida, "Zaina, kuna nyama imebaki." Kimya. "Zaina, nge huyo mguuni!" Kimya. Ndipo anamgeukia Mama Stefano, "Kafa huyu. Enhe, nikwambie." Hapo ninatulia zaidi, moyo unaruka kwa furaha, kwa sababu nimefaulu mtihani na sasa nitaletewa zawadi yake.

Huo ulikuwa mwaka ambao lami ilikuwa bado mpya kule Mikumi, malori ya Zambia yanapita yakivuma mchana kutwa, na kila mkutano wa hadhara ulikuwa wa kuwaambia watu wahamie kwenye vijiji vya ujamaa. Wilaya iliunda kikundi cha sanaa ili maneno yale yafike kwa ngoma na maigizo, maana hotuba zilikuwa zimewachosha watu. Kiongozi wa kikundi alikuwa Mwalimu Elisha, kijana wakati huo, amelelewa na shule ya misheni mpaka akatembea kama kengele ya asubuhi inamwita. Shingoni alivaa filimbi ya refa wa mpira. Akipuliza mara moja, mnaanza. Mara mbili, mnaacha. Mara tatu, mmemtia aibu. Mazoezi yalikuwa katika ghala la pamba la ushirika, na kwa kuwa nyuzi za pamba zilikuwa zikielea hewani, sote tulitoka mle vichwa vyeupe kama wazee wa baraza. Nilipenda vitu vyote vya mle ndani. Nilipenda hata filimbi. Siku ya kwanza niliposema maneno ya mtu mwingine kwa sauti kubwa, na mwangwi wa ghala ukanirudishia, niliona kama nimepata mwili wa pili, na nikaumia kufikiri kwamba ningeweza kuishi bila kujua kwamba ninao.

Ruhusa ilikuwa kwa shangazi. Mwalimu Elisha alikuja mwenyewe kuiomba, amevaa shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kigoda cha Mama Stefano magoti yakimfika kidevuni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuhusu huyu binti."

"Marahaba. Kala nini cha watu?"

"Hajala kitu, mama. Ana kipaji. Tunamwomba kwenye maigizo ya wilaya."

Shangazi alimtazama kwanza filimbi, halafu viatu, halafu yeye. "Kwenye hayo maigizo yenu anafanya nini?"

"Anaimba, anaongea, anaweza kuwa mama, anaweza kuwa mtoto. Inategemea mchezo."

"Aimbe. Aongee. Awe hata mbuzi. Lakini asife." Akainua kidole. "Nisikie vizuri, Mwalimu. Nimesikia kwamba kwenye michezo yenu watu wanalala, wanafunikwa shuka, wanaliliwa. Huo kwetu ni uchuro. Mtu haliliwi akiwa hai. Siku mtakayomlaza huyu na kumlilia, nitakuja nimtoe kwa sikio mbele ya watu wenu wote, na hatarudi tena kwenu."

Mwalimu Elisha, ambaye misheni ilimfundisha kutoamini mambo ya uchuro lakini nyumbani kwao mlimani kulimfundisha kutobishana na shangazi wa mtu, aliinamisha kichwa akakubali.

Mchezo wetu ulihusu mwanamke mzee aitwaye Bibi Kijitenga, Msagara kama sisi, anayekataa kuhamia kijijini na wenzake. Anabaki peke yake na kuku wake, anaugua, anakufa hana hata wa kumfunga taya. Ndipo wanakijiji wanakuja kumzika kwa umoja, wanaimba, na funzo linaonekana. Bibi Kijitenga alikuwa Felista, msichana mkubwa kuliko sote, mwenye sauti nzito ya kupendeza. Mimi nilikuwa mjukuu anayeleta maji, nasema maneno machache, natoka. Tulizunguka nao mchezo huo, mara kwa baiskeli, mara kwa lori la halmashauri. Tulipocheza Ulaya, kijiji cha hukohuko Kilosa, siku ya gulio, wanawake walituandalia wali na maharage na mlenda, tukala tumekaa chini tukigombania ukoko, na njiani kurudi tuliimba mpaka dereva akaanza kutoa sauti ya pili. Nikiambiwa leo nichague siku moja ya kurudia katika maisha yangu yote ya sanaa, sitachagua usiku wowote wa makofi na maua. Nitachagua lile lori.

Kisha ikaja habari. Mtu wa filamu kutoka Dar es Salaam, dada mmoja aitwaye Hidaya, angekuja Mikumi kututazama, na angechukua mmoja wetu akakae mjini mwaka mzima, afundishwe, acheze katika filamu. Mmoja tu. Sitajifanya kwamba nilikuwa na adabu kuhusu jambo hilo. Nililitaka kiasi cha kukosa usingizi, na kwa mtu aliyekuwa bingwa wa kulala hilo lilikuwa jambo kubwa. Nilimwambia shangazi huku natazama chini. Aliendelea kukoroga unga. Lakini baada ya chakula Mama Stefano alipokuja, nikajitupa mkekani mapema, mkono umeangukia mahali pabaya, na nikangoja. Nikaulizwa juu ya nyama, sikusikia. Nge akaja, akaondoka.

"Anataka kwenda Dar," shangazi alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijamwona akicheza hata siku moja. Watu wananiambia anaweza. Watu walisema pia yule fundi anaweza kuezeka." Kitanda kikalia alipojigeuza. "Nitakwenda huko Mikumi na vitumbua vyangu, niuze, nimtazame kwa macho yangu. Nikiona ni kazi, nitamwachia. Nikiona ni upuuzi, atakaa hapa, na Jumatatu namwanzisha kwenye karai."

Karai ni lile la kukaangia vitumbua. Nililala pale moyo unagonga mpaka nikaogopa ndoo ya unga itatikisika.

Siku ile tulishuka na gari la moshi la asubuhi kutoka Kilosa, shangazi akiwa na makapu mawili yamefunikwa kanga, amekaa behewa jingine kwa makusudi ili tusimzoee. Uwanja wetu ulikuwa eneo wazi karibu na barabara. Madereva wa malori walikuwa wameegesha wanatazama, wengine wamepanda juu ya mizigo. Mgeni rasmi amewekewa kiti chenye mito. Dada Hidaya alikuwa amekaa pembeni yake, amevaa suruali, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa mchezo kwa baadhi ya watu. Na watu walikuwa wengi wa kila namna, maana Mikumi imeshonwa kwa vipande: Wasagara na Wavidunda wa hapo, Wakaguru walioshuka mlimani, wafanyabiashara wa Iringa, na Wanyamwezi ambao wazee wao walikuja zamani na misafara, au baadaye kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakabaki.

Ngoma zilipoanza kupasha joto watu, Felista hakuonekana. Alikuwa chooni. Akarudi amepauka, akasimama kidogo, akakimbia tena. Asubuhi ile alikula kiporo cha maharage njiani, na maharage yalikuwa yameamua lao. Mtu mwenye tumbo la kuendesha anaweza kuimba akijitahidi, anaweza hata kucheza ngoma, lakini hawezi kulala maiti. Mwalimu Elisha alituangalia mmoja mmoja. Alijua. Kikundi kizima kilijua, maana mazoezini tulikuwa tukishindana kulala bila kucheka huku wengine wanatusimulia vichekesho, na mimi sikuwahi kushindwa hata mara moja.

"Zaina."

"Mwalimu, shangazi yupo. Yuko pale kwenye makapu."

"Najua."

"Alisema nisife."

"Nilikuwepo aliposema. Nilikuwa kwenye kigoda." Akashika filimbi yake bila kuipuliza. "Mchezo hauna mwisho bila kifo. Mgeni kakaa. Sikulazimishi, mwanangu. Amua wewe."

Nikamwangalia yule dada mwenye suruali, nikamwangalia shangazi aliyekuwa akimrudishia dereva maneno. Nisipolala, hakuna mchezo, na dada Hidaya anaondoka. Nikilala, shangazi ananitoa kwa sikio, na dada Hidaya anaondoka vilevile. Nikajiambia, angalau kwa njia moja atakuwa ameniona. Nikavaa kanga kuukuu za Bibi Kijitenga, nikajipaka majivu kichwani.

Sijui nilichezaje mwanzo, sikumbuki. Nakumbuka nilivyoanguka, vumbi liliingia mdomoni. Nakumbuka wenzangu wakinilaza juu ya kitanda cha kamba na kunifunika shuka nyeupe. Kuanzia hapo kumbukumbu yangu yote ni ya masikio. Chini ya shuka ile nilikuwa nyumbani, nilikuwa mkekani Mabwerebwere, na nilisikia kila kitu. Nikasikia kilio cha wanakijiji kikianza. Nikasikia uwanja ukinyamaza. Na kisha nikasikia kapu likiwekwa chini, na sauti ninayoijua kuliko zote ikiuliza, si kwa ukali, kwa hofu, "Nani huyo aliyelala pale? Si Zaina huyo?" Halafu miguu. Ndala za shangazi zilikuwa na mlio wake. Zilikuwa zinakuja.

Lakini kabla hazijafika, sauti nyingine ya mwanamke, nene, ikapasuka kutoka upande wa malori. "Hazikwi mtu hapa! Msagara anafukiwa kimyakimya hivi, watani wake tuko wapi?"

Kwa asiyejua, nieleze. Wanyamwezi ni watani wetu, na msibani mtani ana haki ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Anaweza kuzuia maiti isitoke. Anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa mchoyo, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanatiririka. Anaweza kulala juu ya jeneza mpaka apewe ada. Na mfiwa hamkasirikii mtani. Akikasirika, ameharibu msiba. Yule aliyepiga kelele alikuwa Mama Kalunde, mwanamke aliyewapikia madereva chakula, na hadi leo hatujui kama alisahau kwamba ni mchezo au aliona mchezo bila mtani si msiba kamili. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye alinijibu, "Sasa mimi ningekaaje? Maiti ya Msagara imelala mbele yangu!" Akaingia jukwaani na mwiko mkononi, nyuma yake wanawake wenzake wawili. Filimbi ya Mwalimu Elisha ililia mara mbili, ikalia mara tatu. Hakuna aliyejali.

Akanizunguka. Akaanza kutembea kama Bibi Kijitenga, mgongo umekunjika, anahesabu kuku: "Huyu wangu, huyu wangu, na kile kivuli cha huyu nacho changu!" Uwanja ukalipuka. Nikasikia hata mgeni rasmi akikohoa kicheko. Kisha kitanda kikalia, kamba zikanesa, na Mama Kalunde akajilaza ubavuni kwangu, mzito, ananuka moshi na vitunguu. "Sitoki hapa mpaka nipewe ada yangu!" Halafu akaingiza mdomo chini ya shuka, akaninong'oneza, "We mtoto, kifua kinapanda. Punguza pumzi." Nikapunguza. Sikucheka. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote nilizowahi kucheza, na haikuandikwa na mtu.

Ndala zikafika. Zikasimama kando ya kichwa changu. Nikajua sikio langu liko karibu na vidole vyake.

"Aha!" Mama Kalunde akaketi. "Mwenye msiba ndiye huyu! Mbona unakuja mikono mitupu? Ada iko wapi?"

Nilimsikia shangazi akivuta pumzi. Alikuwa amekuja kunitoa. Lakini mbele yake palikuwa na mtani, na mbele ya mtani hata shangazi Tausi alikuwa na sheria moja tu. Nilijua bila kuona kwamba mikono imekwenda kiunoni na macho yametazama juu kidogo.

"Ada?" akasema. "Nyie Wanyamwezi mlipita hapa mmebeba mizigo ya watu vichwani, mkaonja wali wetu, mkasahau njia ya kurudi kwenu! Mpaka leo mmekaa mnasema mnapumzika!"

Madereva juu ya malori walipiga honi. Mama Kalunde akaruka. "Na nyie mlikuwa vichakani mnatuchungulia, mnamwogopa punda! Sisi ndio tuliowaonyesha kwamba punda hali watu!"

"Tulikuwa hatumwogopi punda. Tulikuwa tunashangaa, kati yenu na punda nani kamzidi mwenzake masikio!"

Waliendelea hivyo, sijui kwa muda gani, mimi katikati yao nimekufa. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Mwishowe shangazi akaagiza kapu lake liletwe, na vitumbua vikagawiwa kuwa ada, kwa Mama Kalunde na wenzake, kwa wanakijiji wa mchezo, kwa mgeni rasmi, mpaka kapu la kwanza likaisha. Mama Kalunde akala kimoja akiwa amekaa juu ya kitanda changu, makombo yananidondokea. Kisha akatangaza kwamba amepokea, na maiti sasa inaweza kuagwa.

Hapo shangazi akafunua shuka usoni kwangu. Nikahisi jua kwenye kope. Uwanja ukatulia pole pole, kwanza wa karibu, halafu wa mbali, mpaka ikabaki honi moja iliyochelewa. Akaanza kunilia. Sitayaandika maneno yake, maana yalikuwa Kisagara na yalikuwa yake. Aliniita kwa jina la nyumbani. Alinisifu kwa vitu vidogo, jinsi ninavyobeba maji bila kumwaga, jinsi ninavyolala. Machozi yake yalidondoka shingoni kwangu, ya moto, na mimi niliyeweza kuzuia kicheko sikujua nitazuiaje kilio. Nilikaza kitu fulani ndani ya tumbo na nikabaki nimekufa. Nilisikia wanawake kwa wanaume wanalia. Walikuwa wanamlilia nani, mimi sijui. Bibi Kijitenga hakuwahi kupendwa hivyo.

Mama Kalunde akachukua maji na unga kidogo, akaninyunyizia, akanipaka kwenye paji la uso. Shangazi akamuuliza kwa sauti ya chini ambayo sisi watatu tu tuliisikia, "Uchuro umekwisha?"

"Umekwisha, mtani. Hana tena uchuro huyu. Sasa anaweza kufa kila siku."

Wanakijiji wakanibeba wakiimba mpaka nyuma ya lori, na nikaketi, uso umejaa unga. Dada Hidaya akaja mbio, macho mekundu. Nikasimama. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi, akampigia goti. "Shikamoo, mama. Umewahi kuigiza wapi?"

"Marahaba. Kuigiza? Mwanangu, mimi nilikuwa nazika."

"Nakuhitaji Dar es Salaam. Kwenye filamu. Sijawahi kuona mtu kama wewe."

Naam, nilishindwa. Nilishindwa na muuza vitumbua aliyekuja kunitazama, na nilikuwa sina hata haki ya kukasirika, kwa sababu dada yule alisema kweli. Mwalimu Elisha alisimama pale na filimbi imening'inia. Shangazi alimcheka dada Hidaya, kicheko kirefu, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mimi? Na watu wa Kilosa wale nini asubuhi?" Kisha akageuka akanitazama, kuanzia majivu ya kichwani mpaka vumbi la miguuni, na nikaona anachelewa kusema, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa.

"Mchukueni marehemu," akasema.

Gari la moshi la kurudi lilikuwa na nafasi tele. Safari hii alikaa behewa letu, kando yangu, makapu matupu miguuni. Wenzangu waliimba, Felista alisinzia akiwa ameshika tumbo. Tukaiacha stesheni ya Ulaya nyuma. Ndipo shangazi akauchukua mkono wangu, akaugeuza, akaweka vidole vyake kwenye mshipa, akavishikilia pale.

"Nilipofunua ile shuka," akasema, "nilijua uko hai. Kalunde alikuwa kashanikonyeza kwamba unapumua. Mimi mwenyewe nakujua unavyojilaza, unadhani sikujui? Nilijua, Zaina. Na bado nililia." Akaendelea kushika mkono wangu, anatazama mpunga wa watu dirishani. "Basi hiyo ndiyo kazi yako. Nenda kaifanye."